Gari Lililopiga Magoti Karagita

Mama Hafsa alizikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri, na kufikia jioni wanawake tulikuwa tumejazana kwenye sebule yake pale Free Area, Nakuru, viatu vimerundikana mlangoni, sinia za pilau zikipita juu ya vichwa vyetu. Nilikaa chini karibu na kabati la vyombo. Binti mmoja wa ukoo, ambaye hakunijua, alinitazama mikono akamnong'oneza Hafsa, "Huyu ni nani?" Hafsa, macho yamemvimba kwa kulia, akamjibu bila kupunguza sauti: "Huyu ni fundi wa gari. Alikula hapa mwaka mzima." Nikacheka, kisha kicheko kikageuka, ikabidi nijifunike uso na leso. Ni kweli, nilikula pale mwaka mzima. Nimekula kwingi tangu siku hizo, hata mahotelini penye vitambaa vya mezani, lakini nikiulizwa nilianza kuwa mtu lini, nitasema ni mwaka ule, juu ya mkeka ule.

Ya kuzaliwa kwangu na shule nilizopita sitayaandika. Hayana ladha, na waliokuwepo wanayajua. Naanzia pale nilipoingia kwenye gereji ya Fundi Salim nikiwa na cheti cha ufundi kwenye bahasha na ovaroli iliyonipwaya mabegani. Mbele ilikuwa gereji, nyuma nyumba yao, katikati mlango wa bati ambao Mama Hafsa, mkewe, aliugonga kwa mwiko kila adhuhuri. Ukisikia mwiko, unaacha spana. Hakuna aliyepita mlango ule kabla ya kunawa kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na sukari, na Mama Hafsa alisimama pale akikagua kucha zetu. "Hiyo grisi ina miguu?" angeniuliza. "Basi isiingie kwangu." Kisha anakupakulia mbaazi za nazi na chapati mbili, na ukizimaliza anaongeza ya tatu bila kukuuliza. Wazazi wake walitoka Pwani kabla yeye hajazaliwa. Mombasa kwenyewe alikwenda kwa harusi na matanga tu, lakini jiko lake halikuwahi kuhamia bara. Mimi niliyelelewa kwa mursik, maziwa yetu ya mgando, na ugali nilijifunza kula nazi kwa mwanamke yule, na kwa wiki ya kwanza tumbo langu lilinilalamikia.

Upande wa kushoto wa ua kulikuwa na kinu cha posho. Kiliunguruma tangu asubuhi, unga ukitua juu ya magari yetu, na ili kuongea ulilazimika kupiga kelele. Kwa sababu hiyo Fundi Salim alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Stima ikipotea, gereji nyingine watu hujinyoosha chini ya miti au hutoa karata. Kwake ndipo kazi ya maana ilipoanza. Kinu kikinyamaza tu, na welda ya jirani ikinyamaza, angepaza sauti: "Haya, tegeni masikio!" Kila mtu alikimbilia gari lenye tatizo la sauti: injini inayogonga, bomba linalovuja, bearing inayolia. Tulisikiliza tukiwa tumeinamisha vichwa, hatuongei, mpaka stima irudi. Nilimwona mzee mwendawazimu siku ya kwanza. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nikiomba stima ipotee.

Maina aliingia siku moja ya kiangazi na gari kubwa la kijivu lililolala upande wa mbele kushoto, tairi limemezwa na bodi. "Niaje. Boss ako wapi?" akaniuliza. Nikamwambia boss anaswali, lakini fundi wa gari lake ni mimi. Akanitazama, akatazama ovaroli, akaamua kwamba shida yake ni kubwa kuliko mashaka yake. "Sawa madam. Hii gari imenimaliza. Jioni naiacha poa, asubuhi naipata imelala hivi. Nikiwasha, kuna kamota kananguruma, kananguruma, halafu kananyamaza. Siku ingine inaamka, siku ingine inakataa." Gari lile halikuwa na springi za chuma. Lilikalia mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila gurudumu, na kompresa ndogo iliyoijaza kupitia mipira myembamba. Hewa ikipungua, gari linashuka. Magari ya aina hiyo yalikuwa yameanza kuingia nchini kwa wingi wakati ule, yakiwa yametumika ng'ambo, na mafundi wengi walikuwa na dawa moja tu: toa mifuko, weka springi, sahau. Nilimuuliza kama hajaambiwa hivyo. "Nimeambiwa na kila fundi Naivasha," akasema. "Lakini siwezi. Juu ya mathe."

Akanieleza akiwa amechuchumaa kivulini. Mama yake alikuwa amefunga maua ya waridi kwa miaka mingi katika mashamba ya kando ya ziwa, amesimama kwenye chumba baridi kutwa nzima, mpaka nyonga zikamkataa. Kila wiki alipaswa kuja Nakuru kwa mazoezi ya viungo. Maina alikuwa akiazima gari la jirani na kumbeba mama mikononi hadi kwenye kiti, na ploti yao ya Karagita, kule Naivasha, ni safu ya vyumba vya kupanga vinavyotazamana, kwa hiyo kila safari ilikuwa na watazamaji milangoni. Siku moja mama akasema hatabebwa tena. Kliniki ikakatika, na miguu ikazidi kukauka. Ndipo Maina akalitafuta gari hili, ambalo wanunuzi walikuwa wakilikwepa, kwa sababu moja tu: ukibonyeza kitufe, linapiga magoti. Linashuka lote mpaka kiti kinalingana na nyonga za mama. Anakalia kwanza, kisha anaingiza miguu mwenyewe. "Siku ya kwanza kuingia pekee yake alipaka lipstick," Maina akasema, akacheka, akajifuta pua. Nikijiuliza leo kwa nini nilibaki katika kazi hii, wakati shangazi zangu walikuwa wakinitafutia ya ofisini, nadhani ni kwa sababu ya lipstick ile.

Tulifanya kila tulichokijua. Tulisafisha chujio la kompresa lililojaa vumbi, tukabadilisha relei ya kuiwasha, iliyokuwa imeungua, gari likainuka. Tukapima kwa futi kimo cha kila upande kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, tukaliacha Jumamosi jioni likiwa limesimama vizuri. Jumatatu asubuhi vipimo vilikuwa vile vile. Tukaliinua kwa jeki, gurudumu likining'inia, tukapulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungio na kila mfuko, maana panapovuja povu hufura lenyewe. Hakuna povu. Bahati ikawa upande wetu, stima ikapotea saa nne. Mimi na Fundi Salim tukalala chini pande mbili za gari, tukatega masikio. Kimya. Mzee akasimama akajipangusa magoti. "Gari zima hili," akasema. "Ilikuwa relei. Mwambie alichukue." Wiki haijaisha, Maina akapiga simu. Limelala tena. Kliniki ilikuwa siku ile. Majirani wawili wakajitolea kumbeba mama, naye akafunga mlango wake kwa ndani na komeo.

Lilirudi, likapimwa tena vile vile, likawa zima tena vile vile. Kibe, fundi mwenzangu, alianza kulitania kwamba lina mapepo ya Naivasha yanayoogopa Nakuru. Sikucheka. Fundi Salim, ambaye hakupenda kushindwa na kitu chochote chenye nati, alikuwa mkali siku ile hata kwa paka. Akaagiza springi, zikaja, zikawekwa stoo. Adhuhuri mwiko ulipogongwa alimwalika Maina ndani, nasi tukakaa mkekani kama kawaida, pazia la jikoni limefungwa nusu, Mama Hafsa upande wa pili akikaanga kitu chenye vitunguu. Mzee aliongea taratibu. "Maina mwanangu, tumejaribu. Mimi siwezi kula hela yako kwa kubahatisha. Tuweke springi kesho, gari litasimama, halitakusumbua tena." Maina akasogeza sahani yake. "Sawa fundi. Hata mimi nimechoka. Nitambeba tu. Atazoea." Sikuwa na jibu la kitaalamu, na kwa umri wangu ningesema nini mbele ya mzee?

Pazia likafunguka. Mama Hafsa alikuwa ameshika upawa, jasho kwenye paji la uso. "Mmemuuliza mwenyewe?" Mumewe akamwambia mwenyewe si huyu hapa, Maina. "Sisemi mwenye gari," akajibu. "Nasema huyo atakayebebwa." Akanigeukia mimi, wala si wao. "Jeruto, wewe ni mwanamke. Nenda ukamwone. Kama atasema springi, weka springi. Kama hatasema, rudi na maneno yake." Fundi Salim alifungua mdomo, akatazama upawa, akaendelea kula. Nimesimama na wateja wengi tangu siku ile, matajiri na wasio na kitu, na kila mara kabla ya kukata chochote mwilini mwa gari huwauliza ni nani hasa atakayekaa ndani. Wengi hushangaa. Sijawahi kulieleza swali lile lilitoka wapi, na sasa mwenyewe ameondoka kabla sijamwambia kwamba bado nalitumia. Roho inaniuma kwa hilo. Kwa mengine yote niliwahi kumshukuru, mara nyingine kwa maneno, mara nyingine kwa kumaliza sahani.

Kesho yake tukashuka Karagita, mimi na Maina, kwenye gari lile lile lililokuwa zima kabisa barabarani. Chumba cha mama yake kilikuwa kidogo na safi mno. Kitanda kilifichwa na pazia la maua, kochi lilivishwa vitambaa vya kufuma, na kando ya mlango palikuwa na fremu ya chuma ya kutembelea iliyofungwa utepe mwekundu kama zawadi. Nilimsalimu kwa adabu, kama bibi, "Shikamoo shosho." Akanikazia macho. "Shosho ni nani? Huyu hajaoa hata! Mimi ni Mama Maina." Akanipa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pamoja na parachichi, akanimiminia chai, akataka kujua kama kweli mimi ndiye ninayelala chini ya magari na kama mgongo hauniumi. Nilimpenda papo hapo. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza habari za springi pale Maina alipotoka kuligeuza gari lielekee barabarani. Mama akageuka kwenye kochi, akapaza sauti kupitia mlango: "Iache ikiwa imelala! Usiipandishe! Unajua kesho natoka mapema!" Maina akajibu kutoka nje, sauti ya mtu aliyeyasikia hayo kila siku, "Najua, mathe! Si huwa naiacha hivyo tu!"

Kikombe nilikirudisha mezani kabla hakijafika mdomoni. Kumbe gari lile lililala usiku kucha likiwa limepiga magoti. Kwetu lilikesha limesimama. Tena tulilipima likiwa limesimama, au juu ya jeki, pale ambapo mfuko wa mpira umenyooka wote. Likishuka, mpira ule hujikunja mahali pengine kabisa, pale juu, ambapo macho yetu hayakuwahi kufika. Tulikuwa tumempima mgonjwa wakati ambapo haumwi. Nilimwambia Mama Maina naomba beseni, sabuni, na kioo kidogo kama anacho. Akatoa kioo cha uso kutoka chini ya mto bila kuuliza cha nini.

Nje nikamwambia Maina akunje usukani hadi mwisho na kulishusha gari lote. Tukalitegemeza kwa stendi za chuma chini ya bodi, kwa sababu Fundi Salim alitufundisha kwamba gari la hewa halichekewi. Likishuka ghafla, mkono hauokoki. Nikafungua plastiki ya ndani ya madigadi, nikalala ubavu kwenye vumbi, nikaingiza kioo na tochi ya simu pale juu ya gurudumu. Ploti ilikuwa na redio tatu, kila moja na stesheni yake, na watoto, na mtu anayegonga mabati. Sikusikia kitu. Mama Maina alikuwa amejikokota mpaka mlangoni na fremu yake. "Fundi anataka kusikia?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi. "Zimeni redio! Nyote! Na wewe wa mabati, ngoja kwanza! Fundi anasikiliza!" Sijawahi kusikia ploti nzima ikinyamaza mchana kweupe. Redio zilizimwa moja baada ya nyingine. Watoto waliziba midomo kwa viganja. Na katika kimya kile nikaisikia, nyembamba, ndefu, haikatiki: ssss. Nikanyunyiza maji ya sabuni kwa mkono. Ndani ya kioo cha uso cha Mama Maina povu likafura, likapasuka, likafura tena.

Ufa ulikuwa mdogo, hauzidi ukucha, umejificha ndani ya mkunjo unaotokea gari likiwa chini tu. Nilipoingiza kidole kilitoka na vumbi la kijivu la Karagita, laini ukiliona, lakini ukilisugua linakwaruza. Liliingia kwenye mkunjo kila jioni, na mpira ukaumana nalo kila usiku mpaka ukachoka. Hewa ilipungua polepole, na kompresa ya watu ikajiua ikijaribu kuinua kila asubuhi mfuko unaovuja. Nilieleza hayo kwa lugha nyepesi, bado nimeketi chini. Mama Maina alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ni mimi nimeiharibu, kwa kuilaza." Nikamwambia ni vumbi. Nikamwambia pia, kwa kuwa sikutaka kumdanganya, kwamba gari lisikae chini usiku kucha. Lishushwe anapotaka kuingia tu, na mifuko ioshwe kwa maji ikiwa juu. Akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikamuuliza nilichotumwa kuuliza: kuna springi tayari stoo, akitaka zinawekwa, lakini gari halitashuka tena.

Hakuwa na habari. Niliiona usoni. Akamgeukia mwanawe polepole, mikono yote miwili juu ya fremu. "Ulikubali?" Maina, dume zima lenye mabega, akawa anachezea funguo. "Mathe, nilikuwa nimechoka." "Umechoka kunibeba, na bado hujanibeba tena!" Ploti yote ikaangua kicheko, hata Maina, lakini mama hakucheka. Alinitazama mimi. "Mwambie mdosi wako mimi nilisimama kwenye ile baridi miaka yote nikimlea huyu. Hakuna mtu alinibeba. Sitaki springi." Nilirudi Nakuru na maneno yale kama yalivyo, na kioo cha uso mfukoni, maana alikataa nikirudishe kabla kazi haijaisha.

Fundi Salim alinisikiliza akiwa amekaa juu ya tairi. Nilitarajia anikasirikie kwa kumwonyesha kosa. Badala yake akajipiga paji la uso kwa kiganja, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Tulimsubiri mwizi mchana!" akasema. Springi akaziuza kwa gereji nyingine siku hiyo hiyo. Mfuko mpya ulipofika kutoka Nairobi, Maina akalileta gari, tukaufunga pamoja, yeye akishika taa na mimi nikishika spana, si kinyume chake, na hilo sikulisahau. Jumamosi jioni tukalishusha gari chini kabisa, tukalipima, tukalifungia. Jumapili yote sikutulia. Jumatatu asubuhi Fundi Salim alifika kabla yangu, na nilipoingia alikuwa ameshapima pande zote nne. Akanipa futi nipime mwenyewe. Halikuwa limeshuka hata unywele. Akaugonga mlango wa bati kwa spana, akamwita mkewe aje aone. Mama Hafsa akatazama gari lililolala chini kabisa, akauliza, "Hivi ndivyo limepona?" Tulipomweleza, akasema basi na yeye anakwenda Karagita.

Tulikwenda sote, Mama Hafsa na bakuli la mahamri mapajani. Mama Maina alikuwa tayari mlangoni, gauni la bluu, midomo imepakwa. Majirani walikuwa wamejipanga, na safari hii redio zilizimwa bila kuambiwa. Maina akabonyeza kitufe, gari likashuka taratibu mbele ya mama yake, likatulia. Akaja na fremu yake, hatua kwa hatua. Maina akajisahau akanyoosha mikono. Mama akaipiga kwa mkoba. Akageuka, akakaa, akavuta mguu mmoja kwa mikono miwili, akapumzika, akavuta wa pili. Kando yangu Mama Hafsa alikuwa akilia waziwazi, bakuli la mahamri limeegemea tumbo lake, na mimi pia. Mlango ukafungwa kutoka ndani. Kisha kioo cha dirisha kikashuka, na Mama Maina akamtazama mwanawe aliyekuwa bado amesimama pale, mikono hewani.

"Haya, si uingie twende," akamwambia. "Ama unangoja nikubebe?"